Alama ya Baba Chini ya Mpini

Getruda, unajua mnunuzi wa vitu vya kale hapa Msamala kaniambia nini sasa hivi? Eti kisu changu bandia! Bandia, na mwenyewe hataki kukitoa mkononi!

"Bibi, umbo ni la Kijapani, ila Mjapani hajakigusa hiki."

Nikamwuliza, nani kakwambia ni cha Mjapani? Nikakichukua, nikachomoa taratibu kile kijiti kinachoshikilia mpini, mpini ukatoka. Hapo kwenye chuma nukta tatu, alama ya baba, ile ile ya majembe yetu kule Mpitimbi!

"Baba aliona visu vya Wajapani vitani Burma. Aliporudi akafua chake kwa springi ya lori. Nyie tangu miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa, mnadhani kila kizuri kimetoka nje!"



Nikakifunga kwenye kitenge, nikasimama. Ndipo akatoa la moyoni: "Bibi, ukweli nakitaka. Niuzie."