Kashata Yako Imeingia Kwenye Kompyuta

Mpendwa mama mdogo, shikamoo.

Kabla ya yote naomba niseme na dada Flora, maana ndiye anayekusomea tangu macho yako yaingie ukungu. Dada, tafadhali funga mlango kwanza. Usisome kwa ile sauti yako ya kanisani. Neno la humu lisitoke hapo Kahama likapanda mpaka Kirua Vunjo, na hata shemeji asilisikie. Sababu utaiona mbele.

Mamdogo, ni habari ya kitambaa chako cha kufuma, kile chenye umbo la kashata.

Unaikumbuka sebule yetu ya Kirua Vunjo? Viti vyote vimevaa vitambaa vyako vyeupe, na mimi nimekaa chini, nimeshika donge la uzi lisikimbilie uvunguni mwa kochi. Wanawake wa jumuiya wakija kusali, nusu yao walikuja kuhesabu vijumba vya ufumaji wako, wakauige kwao. Siku ile mama Aneti aligeuza kitambaa cha meza akijifanya anatafuta rozari, midomo inahesabu kimyakimya. Ukatoka jikoni na bakuli la mtori wa ndizi, wa moto, ukalitua juu ya kitambaa chenyewe.

"Karibu mtori, mama Aneti."

"Jamani, si utakichafua!"

"Kitafuliwa. Kikishahesabiwa ndiyo hakifuliki."

Walicheka wote, na yeye akala.

Mimi peke yangu ulinionyesha. Kijumba kilichojaa, kijumba kitupu, safu juu ya safu, mpaka umbo la kashata likatokea katikati. Nilikuwa nikichanganya pande, nakuuliza tunajaza kulia au kushoto, ukanijibu, "Usiniulize kulia wala kushoto. Niulize kiko mbali kiasi gani na katikati." Nikalishika hilo bila kujua nimeshika nini.

Sasa sikiliza. Ofisini mimi bado ni karani yule yule unayemjua. Barua ya mkubwa naisoma na kuirudia kabla sijathubutu kumpelekea. Hakuna anayejua kwamba nikitoka kazini napitia Kiboriloni, kwenye darasa la wanaoanza kuandika programu. Juzi tumefika kwenye safu za pande mbili. Unaipa kompyuta safu za kulala na safu za kusimama, na kila zinapokutana panakuwa na kijumba cha kuwekea namba. Wenzangu walikunja nyuso. Mimi nilibana kicheko. Mwalimu aliposema safu ya kwanza inaitwa sifuri, wakalalamika. Mimi nikaukumbuka mnyororo wako wa mwanzo, uliokuwa ukiufuma na kusema, "Huu bado, hesabu haijaanza."

Tukaambiwa tutengeneze umbo lolote, moja kwa kijumba kilichojaa, sifuri kwa kitupu. Nikachagua kashata yako. Kila kijumba nikakipima na katikati kwa kutoa, kwa safu ya kulala na kwa ya kusimama, nikajumlisha. Jumla ikiwa ndogo, kijazwe. Nikabonyeza. Upande wote wa juu kushoto ukajaa moja tupu.

Shabani, jirani yangu wa dawati, akachungulia. "Hiyo kashata, au uji umemwagika?"

"Nyamaza, Shabani."

"Nanyamaza. Ila leta kijiko."

Nilitaka kufunga kila kitu nikimbie. Ndipo maneno yako yakanijia. Vijumba vya kushoto na vya juu vilikuwa vinatoa namba hasi, kompyuta ikaziona ndogo, ikajaza. Kumbe imo kanuni ya hesabu iitwayo abs. Unaipa namba, inaivua alama ya kutoa, inakurudishia umbali peke yake. Haijali kulia wala kushoto. Mamdogo, ni wewe kabisa! Nikaiweka kwenye vipimo vyote viwili, nikabonyeza tena, na kashata ikakaa katikati ya kioo, ncha zake nne zimenyooka kama umeifuma asubuhi hiyo. Shabani akavuta kiti chake karibu. Mimi nikahesabu vijumba vyake, kimoja kimoja.

Mwalimu ameipenda. Jumamosi anataka nisimame niieleze, ikiwa kubwa ukutani, mbele ya watu wenye simu za kupiga picha. Na Aneti yumo darasani. Ndiyo, Aneti wa mama Aneti.

Kusimama naogopa, hilo halikushangazi. Lakini zaidi naogopa kukitoa bila ruhusa kitu ulichokilinda kwa mtori wa moto. Ukisema hapana, nitawachorea mraba, na sitanuna.

Ila natamani waione. Juu kabisa ya programu huandikwa jina la aliyebuni. Nimeandika jina lako, Perpetua, fundi wa Kirua Vunjo. Langu liko chini yake, kwa herufi ndogo. Sijawahi kuandika kitu kikanipa fahari kama mstari ule.

Basi fanyeni hivi. Msinitafute kwa namba ya ofisini, wala msitume ujumbe, kuna wenye shingo ndefu hapa. Tumieni namba yangu mwenyewe, Ijumaa wakati wa chakula cha mchana. Nitakuwa nje, nyuma ya jengo, peke yangu. Ukikataa, piga mpaka nipokee, uniambie kwa mdomo wako. Ukikubali, Flora anibipu mara moja tu, akate. Simu nitakuwa nimeishika mkononi, kama nilivyokuwa nikishika donge lako, na huo mlio mmoja utanitosha kusimama.

Ni mimi mwanao,
mshika uzi wako.