Ng'ombe Saba na Joka

Mugumu, Jumapili

Kaka Waitara,

Shikamoo. Mama mzima, goti tu linamsumbua. Jana binamu Nelson alinichezesha gemu lake jipya: nchi nzima ndani ya televisheni, unakwenda unakotaka. Nilipewa upanga nikaue joka. Njiani nikakuta ng'ombe saba hawana mchungaji, nikawaswaga mtoni.

Nelson akapiga kelele, "Dada Robi, joka linachoma kijiji!"

"Ngoja kwanza wanywe."

Kilima cha pale mtoni, kaka, kilikuwa kama malisho yetu ya Mbalibali tulipokuwa wadogo. Sikutaka kutoka.

Malisho yenyewe baba mdogo anayauza Ijumaa. Nimepinga, wazee wa ukoo wakasema binti hana neno kwenye ardhi, labda wewe. Njoo Alhamisi. Ukishindwa, usinitumie pole.

Mdogo wako,
Robi