Samaki wa Mvua

Kitahana, Kibondo
Mwezi wa kumi na moja

Mpendwa dada Rosa,

Amahoro. Nakusalimu kwanza kabla ya mengine, nikitumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima huko Kasulu, na vitenge unavyouza Nyarugusu vinatoka. Huku tu wazima wa mwili. Baba anakohoa kwa sababu ya baridi, mama anakula kidogo, mbuzi amezaa. Mimi sijambo, ingawa ukiniona utasema nimekonda, na utakuwa umesema kweli.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu niliyonayo ni ya marehemu mdogo wetu Kipriani, na kila nikiishika mama anakuja kukaa ubavuni kwangu. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema akisikia, ndiyo maana nimeandika barua na kumpa kijana wa jirani, Claude, anayekuja Kasulu, akuletee.

Wewe uliondoka kesho yake baada ya mazishi, kwa hiyo hukuwepo baba alipotuita nyuma ya nyumba. Unajua mambo ya ukoo wetu: mtu akifa, ndugu humalizia kazi aliyoiacha, ndipo matanga huanuliwa. Kabla ya hapo baba hashiki jembe, hata mvua inyeshe vipi. Basi akauliza Kipriani ameacha kazi gani. Kijana aliyelala na moyo mgonjwa tangu amalize shule, miguu imejaa maji, angeacha kazi gani? Jirani yetu Ntirampeba akanong'ona kwamba labda ameacha kitanda. Dada, nilipandwa na hasira. Nikasema kwa sauti kwamba Kipriani alikuwa anavua samaki, na hakumaliza.

Nilitaka tu kumnyamazisha yule mzee. Lakini baba aliniuliza samaki gani, nikamwonyesha kwenye simu. Akatazama weee, kisha akasema kazi ni kazi maadamu ina mwanzo na mwisho, na mimi ndiye nitakayeimaliza. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mvuvi, mimi ninayeogopa hata kuvuka Malagarasi.

Nikueleze huo mchezo, maana wewe uliuita upuuzi, na mimi pia. Ni wa shujaa mwenye upanga anayekwenda kuokoa ufalme. Kipriani hakuokoa chochote. Vita vinataka vidole vyepesi, na vyake vilikuwa vimevimba. Ila kando ya njia kuna ziwa, na mzee mmoja anayefundisha kuvua. Unaanza na ufito mbovu, unapata vidagaa. Ukimpelekea, anakupa ndoana nzuri zaidi, baadaye mtumbwi, hadi unafika kwenye maji yenye kina. Ukishapata kila aina ya samaki, mzee anaupokea ufito wako, anautundika ukutani kwake, na shujaa anatoka mtumbwini asirudi tena ziwani. Kipriani alibakiza aina chache. Nilidhani ni kazi ya siku mbili tatu, kumbe nilijidanganya.

Mwanzoni mama aliuliza tu kama wale ni migebuka. Halafu akaanza kunikosoa. Alisema natupa ndoana kwa pupa, Kipriani alikuwa anatupa taratibu na kungoja. Alikuwa amemtazama muda wote huo akimkanda miguu, na sisi hatukujua. Nikafuata alivyosema, samaki wakaanza kuja. Yule shujaa amevaa kofia nyekundu aliyomchagulia Kipriani, na ukimwacha bila kumgusa anajikuna shingo na kupiga miayo. Mama alipoona hivyo alicheka, na tangu mazishi nilikuwa sijamsikia akicheka. Sasa anamwita mtoto. Jioni kabla ya kulala anamuaga.

Huku nje mvua zimeanza. Kitahana yote wamepanda maharage, na yao yameota. Shamba letu ni majani matupu. Baba anakaa mlangoni, mikono katikati ya magoti, akinitazama, na kila jioni ananiuliza nimefikia wapi. Ntirampeba ametuma salamu kwamba mwaka huu tutapika simu.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Alikuwa amebaki samaki mmoja, yule anayeuma mvua ikinyesha juu ya lile ziwa. Dada, nimeshamvua. Ni mweusi, mkubwa, ana madoa mgongoni. Nilikuwa nafungua mdomo nimwite baba, mama akanishika mkono. Akaniuliza taratibu kama mzee akishaupokea ufito, mtoto atatoka mtumbwini. Nikamwambia ndiyo, na hatarudi tena. Akaniomba nimrudishe samaki majini. Mchezo unaruhusu, nikamrudisha. Amekuja tena mara nyingine, na kila mara mama ananigusa mkono tu. Baba nimemwambia samaki bado hajauma. Ananiamini, masikini, ananihimiza nivumilie.

Unaweza kudhani ni mama anayenizuia, na mimi nilijiambia hivyo. Lakini Jumapili alikwenda kwenye jumuiya, nikabaki peke yangu, mvua ikashuka ndani ya simu, samaki akauma. Hakuna aliyenishika mkono. Nikaenda mpaka kwa mzee, nikasimama mbele yake, kidole kikakataa. Nikarudi ziwani, nikamwachilia samaki mimi mwenyewe, nikalia kama mtoto mdogo. Wakati Kipriani anakufa nilikuwa nimekwenda Mabamba, unajua. Sikumwona akienda. Nashindwa kumwona akienda sasa.

Msimu wa kupanda unaisha, na tusipopanda hatutakula. Njoo, dada. Wewe ndiye mkubwa, na mama hukusikiliza. Kaa naye upande mmoja, mimi upande wa pili, umwite na baba asogee, halafu ubonyeze wewe kumkabidhi mzee ufito. Mimi nitampelekea mzee samaki, ila la mwisho sitaliweza. Nimekwisha kunoa jembe la baba.

Baba anakusalimu, anauliza kama shemeji amepona mgongo. Mama anakusalimu sana, naye hajui nimekuandikia. Wasalimie watoto, waambie mjomba wao hajawasahau.

Yule wa mtumbwini nimemwacha katikati ya ziwa, huko mvua inanyesha. Mama ameifunika simu kwa kanga yake ili asilowe.

Ni mimi mdogo wako,
Makarius