Nyuma ya Phelis

Jumanne, 14 Mei 1996

Mume wangu ana homa ya uchaguzi! Jumamosi wakulima wa kituo chetu cha majani chai watachagua mwakilishi. Hakuna karatasi — unapanga foleni nyuma ya mtu wako, unahesabiwa. Wagombea ni wawili: Johana wangu na Phelis, yule mjane wa kule mtoni. Johana amenituma nisikilize watu wanamsifia nini huyo mama. Umbea kwa ruhusa ya mume! Nimekubali haraka mno.

Jumatano, 15 Mei

Nimeanza na Beldina, jirani yetu aliyehamia kutoka upande wa ziwa. Akanikumbusha siku lori lilipokwama kwenye matope, majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia. Kila mtu alimwaga yake sakafuni ili yapate hewa. Beldina hakuwepo, alikuwa ameacha gunia lake akarudi kwa mtoto mgonjwa. Phelis akafungua gunia la Beldina kwanza, lake baadaye. Nusu ya majani ya Phelis yakaharibika, yakakataliwa.

Kwa nini alifanya hivyo? Beldina hajui. Hakuwahi hata kuambiwa na Phelis, alisikia kwa wengine.

Sally, tunayechuma naye chai, anasema Phelis hasengenyi mtu. Hata umtegee. Hiyo sijaamini.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemtega. Nilimkuta mtoni nikamtolea habari tamu ya mke wa katekista. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na yeye sasa ako sawa?" Basi! Nimeona aibu, lakini zaidi nataka kujua — mtu anakuwaje hivyo? Alizaliwa nayo, ama alijifunza?

Ijumaa, 17 Mei

Johana ametaka ripoti. Nikamwambia wanamsifia roho safi. Akasema roho safi haitengenezi barabara.

Sikumwambia kwamba niliuliza habari zake pia. Sally alifikiri sana, akasema ana sauti. Beldina akasema ana suti nzuri. Hawajui kwamba nikiugua yeye ndiye anayekamua ng'ombe, alfajiri, wanaume wenzake wasimwone wakamcheka. Nampenda huyu mtu. Lakini kituoni ningemtaka Phelis.

Kesho kila mtu ataona nimesimama wapi. Mke wa mgombea nyuma ya mpinzani — itazungumzwa mpaka sokoni Kaplong! Na Johana akishindwa kwa ajili yangu, tutaishije humu ndani? Nitasimama kwake. Nimeamua.

Jumamosi, 18 Mei, jioni

Sikusimama kwake. Filimbi ililia, miguu ikaenda kwa Phelis. Watu wakaguna. Johana aliniona, akatazama chini. Moyo uliniuma, lakini sikutoka.

Phelis ndiye aliyetoka. Aliacha nafasi yake mbele, akaja akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Cherono, rudi kwa mzee. Kura yako nimeiona. Mimi narudi kwa nyumba yangu peke yangu, lakini wewe utalala na hii maneno." Akanisindikiza mwenyewe, mbele ya wote, mpaka mkia wa foleni ya Johana. Nami nikakubali kupelekwa!

Wakahesabu. Wakarudia. Johana ameshinda kwa mtu mmoja.

Walimbeba juu wakiimba. Phelis alimpa mkono, akachukua kikapu chake, akaenda zake. Johana alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

Sasa amekaa uani, suti bado mwilini, wageni wameshaondoka. Hajaniuliza kwa nini nilikwenda upande ule. Wala hajasema neno juu ya ushindi wake. Anauliza kitu kimoja tu, mara ya tatu sasa: Phelis alikuambia nini?

Chai yake inapoa. Nasikia kiti kinasogea. Amekuja mlangoni, anasubiri niweke kalamu chini.