Gari Lisilotaka Mguu wa Kushoto

Manundu, Korogwe
Jumanne, 5 Agosti 1975

Kwa dada yangu Mwaija,

Shikamoo dada. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni yangu na ya pili nimetumwa na Baba Tatu, na utaona mwenyewe kwa nini safari hii amekumbuka kutuma salamu. Hujambo na hilo goti lako? Shemeji Salimu hajambo? Na mwanangu Tatu, kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, na sisemi hivyo kwa kujaza karatasi kama barua zilizopita. Leo tu wazima kweli.

Barua yako niliipata, na unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Umeniuliza neno moja tu: Zuena, unakuja au huji? Umesema chumba umeshakifagia, na kwamba Tatu yuko hapo kwako tangu baba yake akatwe mguu, kwa hiyo kilichobaki ni mimi kupanda basi la Handeni nirudi nyumbani Chanika. Jibu ninalo, lakini liko mwisho. Nakujua dada, wewe ni mtu wa kuonja mchuzi kabla haujachemka. Tafadhali usirukie mwisho.

Unajua mwaka huu ulivyokuwa. Tangu trela la mkonge lilipomlalia mume wangu, wakamkata mguu wa kushoto juu ya goti, nilirudishiwa mtu mwingine nyumbani. Mhina yule dereva aliyekuwa akiingia uani kwa kelele mpaka kuku wanatawanyika, akawa mtu wa kukaa barazani kutazama njia. Chai ikipoa, kosa langu. Chai ikiwa ya moto, kosa langu. Akija mtu kumjulia hali, anajitia amelala. Nilimtunza, Mungu ni shahidi yangu, lakini nilichoka dada. Kazi haikunichosha, nilichoka kuwa adui ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ndiyo maana nilikuandikia zile barua za kulia, na sikulaumu kwa kuniita.

Sasa nikupe habari ya gari. Unalikumbuka lile Pijo jeupe aliloachiwa na bwana meneja Mgiriki, mashamba yalipotaifishwa naye akarudi kwao? Shemeji Salimu alilicheka siku ya kwanza, akasema gari gani limezaliwa bila klachi. Ndilo hilo hilo. Lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Gia zinajibadilisha zenyewe, wewe unachagua herufi pale kwenye usukani, basi. Mhina alipokuwa hospitali lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakalifanya lao.

Siku moja nilikuwa napeta mchele, yeye yuko kwenye kigoda chake analitazama, mara nikamsikia anasema peke yake kwamba mguu wa kushoto hauna kazi mle. Nikamwuliza mle wapi. Akanigeukia, akasema Zuena, lile gari halitaki mguu wa kushoto! Macho yake, dada! Nilikuwa sijayaona hivyo tangu ajali. Tukaazima betri siku ile ile. Akaingia na magongo yake, akawasha, akaweka herufi ya kwenda mbele, akakanyaga mafuta. Injini ikalia mpaka majirani wakatoka nje, lakini gari halikusogea hata kiasi cha kumtishia kuku. Akajaribu tena, likajivuta kidogo, likasimama. Fundi mmoja akaitwa, akatia kichwa, akatoa kichwa, akasema giaboksi imekufa, ila kwa huruma yake yuko tayari kulinunua akafanye spea. Mhina akarudi ndani, akalala, akageukia ukuta. Siku ile hata njia hakuitazama.

Aliyetuokoa, tena bila kukusudia, ni Kaleb, yule Mshambaa wa Mpale aliyekuwa tandiboi wake kwenye lori. Alikuja kumpa pole na kapu la maharage, akasema anashangaa gari limekufaje, maana Mhina alipokuwa hospitali yeye ndiye aliyelitunza. Alikuwa akiliwasha, na hata giaboksi alipoiona imepungua oili aliiongeza mpaka ikajaa. Mhina akamwuliza kwa sauti ya upole, ile ya hatari, aliongeza oili gani. Kaleb akajibu kwa fahari kwamba ni oili ya gia, ile nzito ya kwenye lori, kwani gia si ni gia? Loo! Nilidhani gongo litaruka. Mhina akafoka kwamba giaboksi ile hailishwi uji, inakunywa oili nyepesi, nyekundu, na kwamba mle ndani oili ndiyo inayosukuma gari, ukiweka nzito umelifunga miguu. Kaleb akaomba radhi mpaka akakaribia kulia. Mimi nilijificha jikoni nikicheka, kwa sababu mwenzangu alikuwa anafoka kama zamani, anamfokea mwingine, na anafoka kwa jambo la maana.

Meneja alikuwa ameacha makopo ya hiyo oili nyekundu, na Mhina akakumbuka kwamba aliyasukuma chini ya kitanda chetu. Nikasema nakwenda kuyatoa mimi, tena niliinuka kwa haraka, na sababu yake utaisoma huko mbele. Akanikataza, akasema yeye hajawa maiti. Nikamsikia chumbani anahangaika, magongo yanaanguka, kisha kimya. Alipotoka anaburuta makopo, uso ulikuwa umebadilika. Nikamwuliza kama kigutu kinauma, akasema ndiyo. Hakufoka tena siku ile. Alisema tu kwamba kesho kazi ifanyike na gari litembee. Nikajiridhisha kuwa ni hamu ya usukani.

Kesho yake Kaleb akachimba shimo uani, tukalisukuma gari likakaa juu yake. Ila spana alikatazwa kuigusa, ndiyo adhabu yake. Mhina akataka kushuka mwenyewe. Gongo likateleza, nikamdaka kwa ukosi wa shati. Nikamwambia akae kwenye kigoda ataje, mimi nitafanya. Akasema hiyo si kazi ya mwanamke. Nikamwambia mwanamke huyu amekuogesha mwaka mzima, nati ndiyo itamshinda? Nikavaa ovaroli lake, nikakunja miguu, nikashuka shimoni na karai.

Ungeniona dada, ungekana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Yeye juu anataja, geuza huku, siyo huko, polepole, sogeza karai. Nati ikalegea, ikatoka, na oili ikashuka nyeusi, nzito, inanuka kuungua. Nikangoja mpaka ikawa matone, nikafunga, naye huko juu akamimina nyekundu kwa faneli yangu ya mafuta ya taa. Faneli yenyewe alinifanya niifute mpaka nikatamani kumpiga nayo, eti hata uzi wa tambara usiingie mle. Nikajua tumemaliza. Wapi! Akasema giaboksi hii haitoi yote kwa mara moja, nyingine inabaki tumboni, kwa hiyo iwashwe, ile mpya izunguke na ile chafu, kisha tumwage tena.

Hiyo mara ya pili nati iliniponyoka. Oili yote ikanishukia kichwani mpaka kifuani, vuguvugu na nyekundu. Nikapanda kutoka shimoni nimefumba macho, natafuta tambara, na Mama Paulina jirani yetu naye ndiyo anaingia uani kuazima kinu. Lile yowe nadhani mlilisikia huko Chanika. Akajua nimechinjwa. Akakimbia akitaja mumiani, na muda si muda mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Afisa, akafika na watu wenye fimbo. Akaninusa bega, akathibitisha mbele ya watu kwamba ni oili. Basi kwa vile hakutaka kuondoka bure, akauliza gari la mtu mmoja linafanya nini katika nchi ya ujamaa. Mhina akamjibu kwamba siku ya mkutano wa kata litakuwa la watu wawili, na mmoja ni mjumbe. Mzee Afisa akaona jibu linatosha.

Tukajaza ya mwisho. Oili hii hupimwa injini ikinguruma, na Mhina alikitoa kile kijiti cha kupimia na kukirudisha mpaka roho ikatulia. Kisha akaingia, akaweka herufi. Dada, gari likaenda! Likaondoka taratibu, bila kelele, likapita shimo, likapita jiko, likatoka njiani. Akaenda mpaka kwenye mwembe wa Mama Paulina, akageuza, akarudi, akasimama mbele yangu, yote kwa mguu mmoja. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Sasa ndiyo tunafika. Alizima injini, hakushuka. Bila kunitazama akaniambia nikachukue mzigo wangu chini ya kitanda, anipeleke kwa Mwaija.

Ndiyo dada. Mzigo ulikuwepo. Niliufunga siku ile alipogeukia ukuta, barua yako nikiwa nayo mkononi. Khanga zangu na sufuria la mama, nimevifunga kwa lile shuka la maua ya buluu ulilonitunza harusini. Sikukwambia wewe wala yeye. Nilikuwa nangoja tu ujasiri wa kwenda stendi. Naye aliuona alipoinama kutafuta makopo. Akasema alinichukua kwetu kwa lori la shamba, watu wanaimba, kwa hiyo hatakubali nirudi kwa basi na mzigo kichwani kama niliyefukuzwa. Akasema nimemtunza vya kutosha, na mimi sikuolewa na kigoda. Kumbe tangu alipotoka chumbani na yale makopo, haraka yake yote ilikuwa ya kunirudisha kwetu kwa heshima.

Unadhani nililia? Nilimwakia! Nikamwuliza, yaani nimelala shimoni, nimeoga oili, Manundu nzima imenihesabu maiti, kumbe nilikuwa natengeneza gari la kunirudishia kwetu? Nikamwambia gari hili nimelitilia oili kwa mkono wangu, na halinipeleki mahali nisikotaka. Hapo akainamia usukani akalia. Mwaka mzima hakulia, hata hospitali hakulia. Nami nikaingia kiti cha pili na ovaroli langu linavyochuruzika, nikalia naye. Kaleb akajitia anafukia shimo.

Mzigo nimeufungua. Sufuria liko jikoni, na lile shuka nimelitandika kwenye kiti cha mbele, maana oili niliyokiachia siku ile haitoki. Jana usiku amenikosoa chai, dada, nami nikamjibu, tukacheka wote wawili. Sijui nikuelezeje nilivyopumua.

Haya, jibu lako. Nakuja. Nakuja Jumamosi hii, na dereva ni Mhina. Barua hii nampa utingo wa basi la Handeni ili itutangulie. Chumba usikifunge, tutalala humo wote wawili. Na nakuomba usimpe pole, amezishiba. Mwulize habari za gari, hutamnyamazisha. Jumapili tutaondoka asubuhi na mapema, kwa sababu siku hiyo, kwa amri ya serikali, baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi njiani.

Mpe shikamoo yangu shemeji Salimu, na umwambie gari lililozaliwa bila klachi linakuja kumwamkia. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, hasa wale walioshasikia kwamba nimeachika.

Na Tatu mfungie nguo zake. Tunakuja wawili, tunarudi watatu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye nywele zake bado zinanuka giaboksi,

Zuena