Maganda Yaliyobaki Kwenye Mashine

Baba,

Mashine yako iliwaka yenyewe siku ya pili baada ya kukuzika. Wageni wa msiba walikuwa wameondoka, mimi na Mama tuko jikoni tunafunika vyakula walivyotuletea. Ghafla chini ya miguu yetu ikaanza ile sauti: maganda ya risasi yakigongana ndani ya chenga za magunzi ya mahindi, yanasuguliwa yang'ae, kama ulivyokuwa ukifanya kila alasiri. Mama aliweka kifuniko mezani taratibu. Hakunitazama. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya juu ya besimenti, chumba chako cha chini ya nyumba, mikono mapajani, akasikiliza mpaka ilipozima.

Ilinichukua muda kukumbuka ile saa iliyochomekwa kwenye soketi, ya kuiwasha na kuizima mashine wakati umelala. Ulikufa wewe, umeme haukuambiwa. Kesho yake ikawaka tena. Nikiwa kazini nilitazama theluji dirishani nikijua sasa hivi kule nyumbani, mtaani kwetu Mount Dennis, mashine inazunguka, na Mama yuko ngazini. Sikuthubutu kumwambia ni saa tu. Niliogopa anaamini ni wewe. Niliogopa zaidi kwa sababu na mimi nilikuwa naanza kuamini.

Rafiki yako Anko Remi, Mgoa wako wa Dar, alikuja kuchukua bunduki zako, na karatasi zote zilisainiwa kama sheria inavyotaka. Alisimama mlangoni kofia mkononi. "Mwanangu, yale maganda aliyokuwa ananiandalia niyajaze upya kwa mashindano ya shabaha, kama yapo tayari nitayachukua. Kama hayapo, basi." Ndiyo sababu nilishuka.

Koti lako la kazi lilikuwa kwenye mgongo wa kiti, mabega bado yana umbo lako. Nikasema shikamoo. Kwa sauti kabisa, Baba. Halafu nikasimama pale, kama mjinga, nasubiri marahaba.

Drili ilikuwa bado imebanwa kwenye jiliwa. Nilikumbuka Jumamosi uliyoniita nijifunze, nilipokuwa chuoni, nimekonda kwa mawazo na wewe hukutaka kuniuliza yanatoka wapi. Ulinipa miwani ya plastiki. Ulinionyesha kung'oa fataki iliyokwisha kulipuka, kulibana ganda kwenye mdomo wa drili, kuliacha lizunguke huku kisu kinapunguza shingo yake mpaka yote yawe na urefu mmoja. "Usisukume," ulisema. "Drili ina nguvu, haina akili. Akili weka wewe." Na nilipocheka, hukucheka. "Ganda bovu likipasuka, ni jicho la mtu hilo."

Nikafungua mashine, nikamwaga kila kitu kwenye chekecheke. Maganda yalitoka yanang'aa kama pete. Nikachukua moja, nikapitisha ukucha kwenye mdomo wake. Umepinda. La pili limekatwa upande. Jingine shingo imeminywa mpaka imekuwa yai. Nikakaa chini. Wewe, uliyefanya kazi kiwandani miaka yote ile ukirudisha vyuma kwa kosa la unene wa unywele! Nikaiona mikono yako ya siku za mwisho, jinsi kijiko kilivyokuwa kinagonga sahani. Nikajua ulikuwa unashuka huku peke yako, unaharibu, na unajua unaharibu, na sisi juu tunaangalia televisheni. Nililia hivyo, kwa kelele, kama mtoto.

Ndipo Mama akashuka. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akivuka ngazi ile, maana alisema chumba chako kinanuka vita. Akachukua ganda moja mkononi mwangu akaligeuza.

"Usimwonee huruma baba yako," akasema. "Haya ni yangu."

Kumbe kila nikitoka kwenda kazini ulikuwa unamwita. Wewe umekaa, yeye ameshika drili. "Alikuwa ananishika kiwiko. Ananiambia sukuma kidogo, hapana, rudi. Nikiharibu anasema, zuri hilo, liweke huku. Nilijua si zuri, mimi si mjinga. Na hiyo saa niliichomeka mimi, yeye vidole vilimshinda."

Nikamuuliza, kama alijua ni saa tu, kwa nini alikaa ngazini siku zote zile.

"Ulitaka nikae wapi?" akasema. Kisha akainama akaichomoa saa kwenye soketi mwenyewe.

Tulichambua yote pamoja. Mabovu niliyabana kwa koleo yakawa bapa, mtu asije akayajaza baruti kwa bahati mbaya, na kila nilipobana Mama alifumba macho. Yalibaki machache yaliyonyooka. Anko Remi alipokuja kuyachukua aliyapima tena, miwani imemshuka puani, akauliza nani kakata haya. Mama akasema, "Mimi." Anko Remi akampa mkono. "Shemeji, yako sawa."

Jumamosi iliyopita alitupeleka kwenye uwanja wenu wa shabaha, nje ya jiji. Theluji imeanza kuyeyuka, matope kila mahali. Mama alivaa vifunika masikio juu ya kilemba chake cha kitenge, akasimama nyuma ya mstari, amenishika mkono. Anko Remi akaweka risasi ya kwanza, aliyoijaza katika ganda la Mama. Akafyatua. Mlio ukaenda, ukagonga miti, ukarudi.

Mama akageuka nyuma upesi, kuelekea kwenye magari, uso umemfunguka wote.

"Abee!" akaitika.

Hakuna aliyemwita. Anko Remi alishusha bunduki. Na mimi niligeuka, Baba, nikatazama alikotazama: kokoto, magari, theluji chafu. Mama alisimama hivyo kidogo, anasubiri aelezwe anachoitiwa, kisha akanishika mkono tena, kwa nguvu zaidi. Njiani kurudi alizungumzia bei ya ndizi. Sikumuuliza. Tangu siku ile akiwa chumba kingine namsemesha bila sababu, ili nisikie sauti yake.

Sikusikia kitu mimi. Ndiyo maana nimekuandikia. Kama hukuwa wewe, nisamehe usumbufu. Kama ulikuwa wewe, nakuomba kwa heshima zote, usimwite tena. Najua umezoea kumwita. Lakini bado ninamhitaji hapa.

Nakuahidi hatakula peke yake. Nakuahidi nitamfundisha drili kama ulivyonifundisha, ila nami nitamshika kiwiko. Na siku akichoka kweli, nitakaa naye nimshike mkono mpaka mwisho, kisha nitakuita mimi mwenyewe, kwa jina lako, uje umpokee.

Mpaka hapo, Baba, nyamaza. Pumzika.

Mwanao,
Neema