Kaka kwa Kiswidi

Ijumaa, Al Amerat. Joto limepungua kidogo, lakini upepo umeshuka na vumbi la milimani na nguo nilizoanika asubuhi itabidi nizifue tena.

Wameondoka leo. Nimewapeleka mwenyewe uwanja wa ndege, Annika na Salma, kisha nikarudi na gari tupu. Kwenye mteremko wa kuingia Amerat macho yalijaa machozi nikawa sioni barabara. Nikasimama pembeni mpaka yakanipungua.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: Nassor, kaka yangu wa pekee, amefariki mwezi huu. Aliishi Uswidi miaka mingi, akaoa huko, akazaa binti mmoja, Salma, ambaye ametimiza miaka sita. Safari hii alikuja likizo na mtoto tu, mkewe Annika akabaki kazini. Asubuhi moja hakuamka. Moyo, walisema hospitali. Alasiri ile ile tukamzika.

Annika alifika kesho yake, mumewe yumo ardhini.

Aliingia sebuleni kwetu mbele ya wanawake waliokuja kutoa mkono wa taazia, akauliza swali moja tu, kwa Kiingereza. "Kwa nini hamkuningoja?"

Mama akaniangalia nimtafsirie. Nikatafsiri.

"Mwambie maiti hangojeshwi," akasema Mama.

Nililainisha nilivyoweza, lakini Annika alikuwa keshausoma uso wa Mama. Tangu hapo wakaishi nyumba moja bila ya kusemezana. Mama hakumpenda tangu mwanzo. Kwake, huyu ndiye aliyembakisha mwanawe kwenye theluji.

Nataka kuandika kuhusu neno hili, kaka, kwa sababu siku zote hizi limo mdomoni mwangu.

Kazi yangu ni kutembeza watalii. Mwaka wangu wa kwanza kazini, simu ililia nikiwa sokoni Matrah na kundi la Wahispania. Nikaitika, "Ee, kaka!" Wakaangua kicheko wote. Bibi mmoja akaninong'oneza kwamba kwao hicho ndicho kinachofutwa kwenye nepi ya mtoto. Wafaransa nao wanalo hilo hilo, na Wajerumani wana la ukoo huo. Waliosoma wanasema limetoka Kilatini. Baadaye Mgiriki mmoja akaniambia kwao kaká ni mambo mabaya. Nilikasirika kidogo. Neno la heshima namna ile, ukivuka bahari tu limechafuka.

Nassor alicheka aliposikia. "Njoo huku kwetu," akaniambia. "Huku mimi ni biskuti."

Kwa Kiswidi kaka ni keki, au biskuti. Akanieleza kwamba watu wa huko kaskazini walilipeleka neno lao Uingereza zamani sana, Waingereza wakaligeuza kwa ulimi wao, na sisi tukalipokea kwa Waingereza tukasema keki. Kwa hivyo kaka yao na keki yetu ni ndugu. Kaka yetu sisi hana undugu nao. Mama anashikilia kwamba letu limetoka Uajemi. Zamani tukiishi Unguja, jirani zetu Wahindi walikuwa wakimwita baba mdogo kaka, basi huenda limepitia kwao. Sina hakika.

Salma aliujua mchezo huu. Kila nikimwita baba yake kaka, yeye alikuwa akicheka.

Juzi nilikuwa nimekaa sakafuni chumbani kwa Mama. Watu walikuwa wamekwenda zao, na kile kilio nilichokuwa nimekizuia mbele yao kikaja chote. Sikumbuki nilisema nini zaidi ya neno hilo, kaka, kaka yangu. Mama alikuwa kando yangu, ameshika tasbihi.

Salma akaingia. Alinitazama, akatoka, akarudi na biskuti moja mkononi. Akaniwekea kwenye kiganja, akavifunga vidole vyangu kwa vidole vyake.

Annika alikuwa mlangoni. Akamuuliza kitu kwa Kiswidi, mtoto akajibu, na Annika akajishika mdomo. Ndipo nilipomuona akilia, mara ya kwanza tangu afike.

"Anasemaje?" akauliza Mama.

Annika aliniambia kwa shida, nami nikamwambia Mama kwa shida. Mtoto amesema, "Shangazi anamtaka kaka. Baba hawezi kuja, ndiyo nimemletea ile nyingine."

Mama akaiweka tasbihi chini. Kisha akasogea kwenye godoro, akapiga mahali patupu kando yake.

"Mwambie akae."

Annika akakaa. Mama akaanza kumueleza, nami nikitafsiri, mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwambia: nani walimuosha, sanda ilikuwa ya namna gani, nani walimbeba, na kwamba amelazwa akielekea kibla. Annika alisikiliza kama mwenye kiu anayepewa maji.

"Mwambie na mimi sikumuona akishushwa," akasema Mama. "Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Nilisikia gari zinaondoka, basi. Mwambie nna uchungu huo huo alionao yeye."

Sikuweza kumaliza kutafsiri. Haikuhitajika, kwa sababu Annika alikuwa keshaushika mkono wake.

Jana ami yetu, ndugu wa baba, alitupeleka makaburini. Kaburi halina jina, lina jiwe tu kama mengine. Ami alimuelekeza Mama, na Mama ndiye aliyemuonyesha Annika.

Leo magharibi, baada ya kusali, Mama akaniuliza, "Yule mtoto akinipigia simu, kwa lugha yao ataniita nani?" Nikamuandikia Annika, walikuwa bado hawajapanda ndege. Ikarudi sauti ya Salma: farmor. Baba-mama, yaani mama wa baba.

"Wamelisema wazi," akasema Mama. Akalijaribu mara mbili, ulimi ukimkataa kwenye ile r.

Na shangazi wanamwita faster, yaani dada wa baba, maneno mawili yao yamefupishwa yakawa moja. Nimefurahi kwamba nina jina huko. Hapa nimebaki na wadogo zangu wawili, na mimi sasa ndiye mkubwa wao. Sina tena wa kumwita kaka.

Mama amenituma nimuulize Annika likizo ijayo ya skuli ni lini. Nimeuliza. Hajajibu, wako angani.

Nimeliangalia lile swali kwenye simu na nimejiuliza: ningekuwa mimi, nimezikiwa mume wangu bila ya kumuona, ningemrudisha mtoto wangu kwenye nyumba hii?